Nyanya Isiyosafiri

Muulize mkulima wa Subukia nyanya nzuri ni ipi. Hatakuambia habari ya utamu. Atakuambia ni ile ngumu, yenye ganda nene, inayofika sokoni bila kupasuka. Muulize dereva wa pikapu anayezishusha hadi Nakuru, atakuambia vilevile. Mama mboga wa Free Area naye anataka ile inayokaa kwa meza siku tatu nne bila kuanza kutoa maji. Dalali hesabu yake ni kreti. Katika mlolongo huo mzima, kutoka shambani hadi kwa sufuria yako, hakuna hata mmoja anayelipwa zaidi kwa sababu nyanya ni tamu. Wa kwanza kujali utamu ni wewe, Jumapili mchana, ukikata kachumbari. Na wakati huo pesa imeshatoka.

Sisemi hawa ni watu wabaya. Kila mmoja anafanya hesabu yake, na hesabu zao ni sawa. Kinachonishangaza ni mahali tulipo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Menengai, kwenye udongo uliotokana na majivu ya volkano. Jua tunalo, usiku baridi tunayo. Kama kuna mji uliostahili nyanya tamu, ni huu. Mbona basi nyanya zetu nyingi zina ladha ya maji ya mfereji?

Nimesoma na kuuliza na kupanda, na jibu nililofikia ni la kihistoria: ladha ya nyanya ni suala la umbali. Kila mara mtu mwenye nguvu alipoamua chakula kinapaswa kusafiri, kuna kitu kilitolewa ndani ya nyanya ili iweze kuivumilia safari hiyo. Bustani ya nyumbani ndiyo mahali pekee ambapo nyanya haihitaji kwenda popote. Na hapa kwetu, bustani hiyo haijawahi kuruhusiwa kikamilifu.

*

Nyanya yenyewe ni msafiri wa zamani. Jamaa zake wa porini wanaota kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, vijitunda vidogo kama zabibu. Watu wa Mexico ndio walioifuga na kuikuza, na neno lao, *tomatl*, ndilo lililozaa majina yake katika lugha nyingi za Ulaya. Wahispania walipoiteka Mexico mwaka 1521, nyanya ikavuka bahari. Ulaya wengi waliiogopa kwa muda mrefu, kwa sababu ukoo wake una mimea yenye sumu.

Afrika, mgeni huyu alikuta jamaa zake washafika. Managu tunayoipika na maziwa ni wa ukoo huohuo. Biringanya pia. Nyanya chungu, ile wanayoipenda Tanzania na Uganda, ni mzaliwa wa bara hili kabisa. Zanzibar hadi leo ukisema tungule utaeleweka unataka nyanya, neno ambalo haliko mbali na tunguja, kale katunda ka manjano kanakoota ovyo kando ya barabara na ambako mama alikukataza kukaonja. Kwa hivyo mimea ya aina hii tuliijua, na tuliijua ikiwa karibu na nyumba, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa.

Kisha ikaja reli.

Nakuru ni mji wa kupitisha mizigo kabla ya kuwa mji wa watu. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwaka 1900 na kuendelea hadi Kisumu mwaka uliofuata. Mwaka 1904 Wamaasai wa maeneo ya Naivasha na Nakuru walihamishwa kwa mkataba, ardhi ya kando ya reli ikaachiwa walowezi. Mashamba yaliyofuata yalipangwa kwa hesabu ya behewa: mahindi, ngano, baadaye pareto. Kilichokuwa na thamani ni kile kingeweza kukaa kwenye gunia hadi bandarini.

Ndani ya mashamba hayo waliishi maskwota, familia zilizofanyia mlowezi kazi na kupewa nafasi ya kulima na kufuga. Sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi siku 180 kwa mwaka ndipo waruhusiwe kukaa. Hiyo iliwaachia muda wa mashamba yao wenyewe, na wengi walifanya vizuri. Vizuri mno, kwa macho ya walowezi. Mtu anayekula kutoka shamba lake anaweza kukataa mshahara mdogo. Asiye na shamba hana la kukataa. Sheria ya 1937 ikayapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kupunguza ekari na mifugo ya skwota, na kuongeza siku za kazi hadi 240, hata 270. Mwanahistoria Tabitha Kanogo ameandika kitabu kizima, kilichotoka 1987, akionyesha jinsi kubanwa huku kulivyowapeleka maskwota wa Bonde la Ufa kwenye Mau Mau.

Ukikaa na historia hiyo utaona kuwa kipande cha mboga nyuma ya nyumba hakikuwa jambo dogo. Kilikuwa kipimo cha uhuru wa mtu. Ndiyo maana kilipimwa kwa futi na kupunguzwa.

*

Mjini mambo hayakuwa tofauti sana. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kama mfanyakazi wa muda. Alipewa chumba, chakula atanunua. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo mizizi yake ni ya 1921, ina kipengele kinachoiruhusu serikali kupiga marufuku kilimo au umwagiliaji ndani na kando ya miji. Sababu zilizotolewa kwa miaka mingi unazijua: mbu, uchafu, na wezi kujificha kwa mahindi. Uhuru ulikuja, sheria zikabaki. Mtu wa kanjo akija na panga, hakuulizi kama hiyo ilikuwa chakula cha watoto.

Lakini watu walilima. Hapa ndipo Nakuru inaingia kwenye vitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Mholanzi Dick Foeken na wenzake walipita kwenye mitaa ya mji huu wakihesabu nani analima na nani anafuga. Walikuta takriban theluthi moja ya watu wa Nakuru wanafanya hivyo ndani ya mji wenyewe, wengine nyuma ya nyumba, wengine kando ya barabara na reli, kwenye ardhi isiyo yao. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka 2006, na kichwa chake kimechukua maneno ya mtu anayeeleza kwa nini analima: kuongezea mapato yake.

Mwaka 2011 sheria mpya ya miji ikakubali angalau kwamba mipango ya mji iweke nafasi ya kilimo kinachosimamiwa. Desemba 2021 Nakuru ikawa jiji. Ukitembea leo Kiamunyi ama London au Section 58, utaona sukuma wiki kwenye magunia, dania kwenye ndoo za rangi, na hapa na pale mti wa nyanya umefungwa kwa kamba kwenye seng'enge. Hakuna anayefyeka. Pia hakuna aliyekuhakikishia.

Sasa tuseme umepata hicho kipande chako. Unaenda agroveti kununua mbegu. Pakiti utakayopewa imebeba historia nyingine, ya mbali kuliko reli.

*

California, baada ya Vita vya Pili, nyanya za viwandani zilivunwa na vibarua kutoka Mexico kwa mpango maalum wa serikali mbili. Kule Chuo Kikuu cha California, Davis, mfugaji wa mimea Jack Hanna na mhandisi Coby Lorenzen walikuwa wakifikiria mashine ya kuvuna. Tatizo halikuwa mashine. Tatizo lilikuwa nyanya: iliiva kwa zamu, na ilikuwa laini. Hanna akatafuta nyanya inayoiva yote kwa pamoja, ambayo mashine inaweza kuing'oa, kuitingisha na kuimwaga kwenye lori bila kuiua. Aliipata. Mpango wa vibarua ulipofungwa mwaka 1964, mashine ikachukua shamba. Kufikia 1970 karibu nyanya zote za viwandani za California zilivunwa kwa mashine. Wakulima walikuwa kama 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia 1973 walikuwa wamebaki kama 600.

Ona mpangilio wa maswali. Kwanza ilifikiriwa mashine, halafu nyanya ikakatwa ili iitoshee. Ladha haikukataliwa na mtu yeyote. Haikuwa tu kwenye orodha.

Jambo jingine dogo lilifanyika taratibu. Nyanya za kale zilikuwa na mabega ya kijani kibichi karibu na kikonyo, hata zikikaribia kuiva. Wanunuzi walipenda nyanya yenye rangi moja, basi wafugaji wa mimea wakachagua zile zisizo na mabega hayo, kwa miaka kama 70. Mwaka 2012 wanasayansi walieleza ni nini hasa kilikuwa kimechaguliwa. Lile bega la kijani ni kazi ya jeni inayojenga vitengeneza-sukari ndani ya tunda lenyewe. Katika nyanya zenye rangi moja, jeni hiyo imevunjika. Tulinunua sura, tukalipa kwa sukari.

Na sukari ni sehemu tu. Ziba pua ukila nyanya, utaona inabaki tamu na chachu bila jina. Jina la nyanya liko kwenye harufu. Mwaka 2017 utafiti uliolinganisha aina karibu 400, za kale na za kisasa, ulikuta viambato 13 vya harufu vimepungua kwenye aina za kisasa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine ulionyesha kwamba nyanya ikikaa kwenye baridi ya friji kwa wiki, jeni za kutengeneza harufu hiyo zinazimwa, na nyingine haziwaki tena hata ukiirudisha kwenye joto. Yaani ile nyanya ya supermaketi iliyokaa kwa baridi haijalala. Imesahau.

Hivi ndivyo vitu vilivyofika Nakuru ndani ya pakiti. Cal J na Rio Grande, mbegu zinazojulikana sana hapa, ni nyanya zilizokusudiwa viwanda, fupi, ngumu, zinazoiva kwa kundi. Money Maker, ile ndefu inayotaka kufungwa kwa mti, ni ya kale, kutoka Uingereza. Jina lake lenyewe linakuambia ilitafutwa kwa ajili ya nini. Halafu kuna chotara za kisasa, zile za F1, ghali, ambazo mkulima anazinunua kwa sababu nzuri: mnyauko wa bakteria unamaliza shamba, na miaka ya 2010 aliingia nondo mdogo kutoka Amerika Kusini, *Tuta absoluta*, ambaye Watanzania wamemwita kantangaze kwa jinsi anavyokutangaza kwa hasara. Mtu wa Subukia aliye na mkopo hawezi kupanda kwa ajili ya kachumbari yako. Lazima avune kitu.

Wewe, lakini, mwenye mita tano kwa mbili nyuma ya nyumba, huna dalali. Unaweza.

*

Mimi ninapanda Money Maker na Cal J kwenye kipande cha namna hiyo Kiamunyi, kando ya nyumba ninayokodi, pamoja na jerikani nne za lita 20 zilizokatwa juu. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba hata Cal J, nyanya ya kiwanda, ikiachwa kuiva kwenye mti inakuwa kitu kingine kabisa. Mbegu ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni siku za mwisho.

Sukari ya nyanya inatoka kwa majani. Kwa hivyo weka mmea mahali panapopata jua saa sita au zaidi, na usiyapogoe majani kwa pupa. Ondoa yale ya chini yanayogusa udongo, mengine yaache yafanye kazi. Samadi iwe imeoza vizuri. Samadi mbichi au CAN nyingi itakupa mti mzuri wa kupiga picha na matunda yasiyo na maana, kwa sababu mmea wenye nitrojeni tele unakimbilia majani. Kinachosaidia tunda ni potasi. Konzi ya jivu la kuni kwa kila shimo inatosha, usizidishe.

Maji ndiyo yanayoharibu ladha haraka zaidi. Tunda linapokua, mwagilia sawasawa, asubuhi, kwenye shina, na ufunike udongo kwa nyasi kavu. Ukiacha likauke kabisa halafu ufurikishe, chini ya nyanya patakuwa peusi na ganda litapasuka. Lakini tunda la kwanza likianza kugeuka rangi, punguza. Mmea ukipata kiu kidogo, tunda linakuwa dogo na sukari inakaa pamoja badala ya kuyeyushwa na maji. Mkulima anayeuza kwa uzito hawezi kufanya hivi, maana atakuwa anatupa pesa yake. Wewe unakula, huuzi.

Mvua ya Aprili ndiyo adui wa Nakuru. Baridi na unyevu vinaleta blaiti, na ikishaingia itachoma majani kwa siku chache. Karatasi ya nailoni angavu juu ya fito nne, pande zikiwa wazi upepo upite, ndiyo dawa yangu. Zingine nazipanda mwisho wa mvua, ziive kwenye jua la Septemba.

Na ukivuna, usiweke kwa friji. Bakuli mezani, kikonyo chini. Basi.

Sitakudanganya kwamba nimeacha kwenda kwa mama mboga. Miti yangu 12 hailishi nyumba mwaka mzima. Lakini kwa wiki kama sita ninajua nyanya ni nini, na kujua huko kumenifanya nisiwe mnyonge sana mbele ya kitu ninachouziwa. Nadhani skwota wa 1937 angenielewa.

*

Mwenye ploti amesema mwezi wa nane anajenga bedsitter pale nyuma. Mawe yameshaletwa. Siwezi kumlaumu, bedsitter nne zinalipa kuliko nyanya za mpangaji, na mkataba wangu hautaji bustani mahali popote. Kipande changu kitaenda kama vipande vingi vya Nakuru vilivyoenda. Kinachoweza kubaki ni mbegu, na mbegu nayo ina kesi yake.

Sheria ya mbegu ya Kenya, baada ya kubadilishwa mwaka 2012, iliharamisha kuuza na kubadilishana mbegu zisizosajiliwa na kuthibitishwa. Adhabu ilikuwa hadi miaka miwili jela, faini hadi shilingi milioni moja, ama vyote viwili. Sababu iliyotolewa ni kumlinda mkulima asiuziwe mbegu bandia, na mbegu bandia kweli zipo. Lakini sheria hiyohiyo ilimfikia shosho aliyempa jirani yake maharagwe ya kupanda kwa kubadilishana na mtama. Huko Gilgil, ndani ya kaunti yetu hii, kuna Seed Savers Network, shirika ambalo tangu 2009 limekuwa likifundisha wakulima kutunza mbegu zao wenyewe na kujenga benki za mbegu vijijini. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walienda kortini kupinga sheria hiyo. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ilikubaliana nao: vipengele vilivyoharamisha kushirikiana mbegu vinakiuka Katiba.

Kwangu uamuzi huo si habari ya mbali. Cal J na Money Maker si chotara, na ua la nyanya mara nyingi hujichavusha lenyewe, kwa hivyo mbegu yake inazaa mti unaofanana na mama. Unaweza kuchagua. Misimu mitatu sasa nimekuwa nikitoa mbegu kwenye mti uliozaa nyanya tamu kuliko zote, hata kama si uliozaa nyingi. Hilo ndilo swali ambalo kule California halikuwa kwenye orodha, na halihitaji maabara. Linahitaji mtu aonje.

Njia ni rahisi. Acha nyanya iive hadi ianze kulegea. Kamua mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, acha siku mbili tatu hadi ivunde na kunuka. Ute unaozuia mbegu kuota utaachana nazo. Suuza. Mbegu nzuri zinazama, mbovu zinaelea, zimwage. Anika kwenye sahani kivulini, si kwenye karatasi, zitaganda. Zikikauka kabisa tia kwenye bahasha, andika aina na mwezi, weka mahali pakavu.

Bahasha moja nimempa jirani wa juu, ambaye ana balkoni inayopata jua la asubuhi na ndoo mbili za rangi. Nyingine iko kwa droo yangu. Mbegu ya nyanya iliyokauka vizuri inakaa miaka minne hivi bila kufa. Kwa mtu anayekodi Nakuru, hiyo inatosha kuhama keja mbili na bado upande.